Usukani unacheza ukishika breki: safisha habu na upime diski kabla ya kununua mpya

Swali hili linafika gereji karibu kila wiki na maneno yake hayabadiliki: “Fundi, nikiwa spidi themanini nikishika breki usukani unacheza. Ninunue diski?” Mwingine anakuja ameshanunua. Alifungiwa diski mpya, gari likatulia kabisa, miezi michache baadaye mtetemo ukarudi kama mwanzo. Huyu wa pili ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu amelipa pesa nzima na chanzo cha tatizo lake hakikuguswa.

Ninayoyaandika hapa yanahusu magari madogo na ya kati yaliyojaa mitaa yetu ya Dodoma: IST, Vitz, Premio, Noah, RAV4, Harrier na jamii yake, ambayo diski ya mbele imevalishwa juu ya habu, yaani kitovu kinachozunguka na kushika gurudumu, na inatoka bila kufungua beringi. Ukiwa na vifaa na sehemu ngumu ya kuegesha, kazi ya magurudumu mawili ya mbele inaisha ndani ya nusu siku. Kama hujawahi kabisa kufungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu aliyewahi. Breki hazina nafasi ya kubahatisha.

Kwanza jua kama ni breki

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kisicho na watu. Endesha kilomita 80 kwa saa bila kugusa breki. Kama usukani unacheza hata kabla hujakanyaga, anza na balansi ya matairi, kisha angalia tairi lenye uvimbe na ringi iliyopinda. Mashimo ya barabara za mitaani yanapinda ringi nyingi, hasa za aluminiamu.

Sasa shika breki taratibu, kwa nguvu ya kawaida, hadi spidi ishuke. Mtetemo ukija mikononi kupitia usukani, tazama diski za mbele. Ukija kwenye kiti na chini ya miguu huku usukani umetulia, tazama nyuma, na kama nyuma ni dramu, dramu yenyewe inaweza kuwa imepoteza uduara. Pedeli ikipiga mguu wako juu chini kwa mdundo unaopungua kadiri gari linavyopunguza mwendo, hiyo ni dalili ya diski yenye unene usio sawa.

Usichanganye na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu. Ukikanyaga kwa nguvu juu ya mchanga au changarawe, pedeli itatetemeka haraka haraka na utasikia mlio wa kukwaruza kutoka mbele. Hapo ABS inafanya kazi yake, gari halina ugonjwa.

Swali moja zaidi ujiulize: mtetemo ulianza lini? Kama ulianza baada ya kuziba pancha au kubadilisha matairi, shuku nati. Zikikazwa kwa mashine ya upepo, moja imebanwa kupita kiasi na jirani yake imelegea, diski inavutwa upande. Zilegeze zote, uzikaze upya kwa mpangilio wa nyota kwa kipimo nitakachotaja chini, utembelee gari siku chache. Wapo ambao tatizo lao linaishia hapo.

Kwa nini hutetemeka

Watu husema diski “imepinda kwa moto”. Mara nyingi haijapinda. Kinachotokea ni kwamba uso wake una sehemu nene na sehemu nyembamba, na tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita tu, yaani 0.02, inaweza kusikika usukanini. Unene huo usio sawa hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mabaki ya pedi kuganda sehemu moja: umeshuka mlima breki zikiwa zimewaka, ukasimama na mguu bado uko kwenye pedeli, pedi ikaacha alama yake palepale. Ya pili ni diski kutokaa wima juu ya habu. Ikiyumba kidogo, kila mzunguko inagusa pedi sehemu ileile hata kama hujakanyaga breki. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imelika kuliko nyingine.

Ndiyo maana diski mpya iliyofungwa juu ya habu yenye kutu hutulia mwanzoni, halafu ikaanza kutetemeka. Punje ya kutu karibu na katikati ya habu huzidishwa kadiri unavyokwenda ukingoni mwa diski, na kosa ambalo huwezi kuliona kwa macho hukua hadi kuvuka kikomo. Nimelirudia hili kwa kila mteja na nitaendelea: habu ndiyo ya kwanza kushughulikiwa.

Usidanganyike na ukavu wa Dodoma ukadhani kutu haituhusu. Magari haya yamevuka bahari, mengi yamekaa Dar es Salaam kabla ya kuletwa huku, na mengine yametumika Japani kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kutu imeshakuja nayo.

Andaa hivi

Jeki, na stendi mbili za kuegemeza gari. Spana ya magurudumu, soketi za 14 na 17 ambazo hutosha kwa kalipa za Toyota nyingi ndogo, bolti mbili za M8, brashi ya waya, msasa namba 80 na 120, waya laini wa kufungia, klampu ya kurudishia pistoni, grisi maalumu ya breki inayostahimili joto na isiyoharibu raba, dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, glavu na barakoa. Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, azima kama huna. Mikromita ni bora kwa kupima unene. Venia itakusaidia kujua kama diski imefika kikomo, lakini haitakuonyesha tofauti ya 0.02. Ukipata saa ya kupimia myumbo wa diski yenye kitako cha sumaku, kazi yako itakuwa ya uhakika. Wachonga vyuma wengi wanayo.

Kuhusu kuegemeza gari: usitumie matofali ya kuchoma wala mawe. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Kama uwanja wako ni kichanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Nkuhungu na Nzuguni, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, kisha sukuma gari kwa mkono kabla hujaingiza hata kidole chini yake.

Hatua kwa hatua

1. Egesha pasipo mteremko, vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa kabari mbele na nyuma. Legeza nati za mbele robo mzunguko gari likiwa bado chini. Inua, weka stendi. Gia iweke huru ili gurudumu lizunguke kwa mkono.

2. Kabla ya kutoa magurudumu, zungusha kila moja polepole na usikilize. Mlio wa kuguna kutoka ndani ni beringi. Shika gurudumu juu na chini ukalitikise, halafu kushoto na kulia: likicheza, beringi, boli jointi au tairodi vimechoka, na hakuna diski itakayotulia juu ya beringi iliyolegea.

3. Toa magurudumu, fungua bolti za pini za kalipa, inua kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining’inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Mpira huo hupasuka ndani bila kuonekana nje, na siku utakapohitaji breki kwa haraka ndipo utakapojua.

4. Toa pedi na uzilinganishe. Pedi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, pini au pistoni imekwama. Hilo peke yake huchoma diski hadi itetemeke. Pini zote mbili zinatakiwa kuteleza kwa vidole. Zitoe, zifute grisi ya zamani, paka mpya ile ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba, na pini inakwama tena ndani ya muda mfupi.

5. Fungua kishikio cha kalipa, kisha weka alama kwa chaki kwenye diski na kwenye stadi moja (bolti za habu zinazofungwa nati za gurudumu) ili ujue ilikaaje. Diski ikigoma kutoka, usiipige nyundo usoni. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi: ingiza bolti za M8, kaza moja nusu mzunguko, na nyingine nusu mzunguko, zitaisukuma diski itoke yenyewe.

6. Hapa ndipo penye kazi. Tazama uso wa habu ulipokuwa umefunikwa na diski. Utakuta magamba ya kutu ya kahawia kuzunguka shina la kila stadi na pete ya kutu kwenye ukingo wa katikati. Pitisha kucha, utasikia inavyokwaruza. Sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, hadi chuma kionekane kijivu kote. Sehemu inayosahaulika ni shina la stadi, maana brashi haifiki vizuri. Kata kipande cha msasa, kizungushe kwenye kila stadi kwa vidole. Usitumie mashine ya kusagia, itakula chuma cha habu. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani wa kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka inayokaa juu ya habu. Usipake grisi kati ya habu na diski, itashika vumbi na utarudi ulikotoka.

   Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi nyingine za zamani zina asbesto. Lilowanishe kwa dawa au maji yenye sabuni, kisha lifute. Petroli isikaribie kazi hii.

7. Pima unene. Soma maandishi kwenye kofia ya diski au ukingoni: utakuta MIN TH au MIN na namba, kwa milimita. Hicho ni kikomo. Ukisoma 20, diski ikifika chini ya 20 haitumiki, hata kama uso wake unang’aa. Ukingo wa nje wa diski iliyotumika una kibao kilichoinuka ambacho pedi haikigusi. Ukipima juu yake venia itakudanganya. Chukua sarafu mbili za shilingi 200, zibandike pande zote mbili za diski ndani ya kibao hicho, pima vyote pamoja, kisha utoe unene wa sarafu zenyewe. Pima sehemu nane kuzunguka duara, umbali sawa kutoka ukingoni, na uandike kila namba.

8. Rudisha diski kwenye habu safi, ibane kwa nati zote zikiwa na washa, ukikaza kwa mpangilio wa nyota. Weka ncha ya saa ya kupimia milimita 10 kutoka ukingo wa nje, zungusha mzunguko mzima. Kwa Toyota nyingi kikomo cha myumbo ni milimita 0.05. Ikizidi, toa diski uisogeze tundu moja na upime tena; kwenye habu ya stadi tano una nafasi tano za kujaribu. Mara nyingi nafasi mojawapo hushusha myumbo hadi chini ya kikomo bila kununua kitu.

Sasa amua: uirudishe, uichonge au ununue

Diski iliyo nene vya kutosha, yenye myumbo mdogo na unene ulio sawa kote, irudishe. Kama uso una madoa meusi ya pedi lakini vipimo viko vizuri, isugue kwa msasa namba 120 kwa duara ndogo ndogo pande zote mbili, ioshe, kisha ufuate utaratibu wa kuzoesha pedi ulio hapa chini. Madoa mepesi huondoka.

Kuchonga kuna maana pale tu unene uliopo unazidi kikomo kwa kiasi cha kutosha. Fikiria diski iliyokuwa 22 ikiwa mpya, kikomo 20, na sasa umepima 21.3. Fundi akitoa 0.3 kila upande inabaki 20.7, bado ina maisha. Ile iliyobaki 20.5 usiichonge, itatoka imekaribia kikomo au imekivuka, itakuwa nyepesi, itapata moto haraka na mtetemo utarudi. Mwambie mchongaji asafishe kofia ya ndani kabla ya kuifunga kwenye mashine, na achonge pande zote mbili bila kuifungua katikati. Diski iliyokaa vibaya kwenye mashine hutoka mbaya kuliko ilivyoingia. Zote mbili za mbele zichongwe pamoja.

Nunua mpya bila kujadiliana ukikuta ufa unaofika ukingoni au unaotoka kwenye tundu la stadi, unene ulio chini ya kikomo, au mifereji mirefu inayonasa kucha ambayo kuiondoa kutakula unene wote. Mabaka ya buluu nayo yana tabia mbaya: chuma kimebadilika kwa joto na kimekuwa kigumu kuliko kinachokizunguka, kwa hiyo ukichonga, sehemu ile hubaki juu na hurudi kuchomoza. Mimi diski ya namna hiyo siichongi.

Ukienda duka la spea nenda na namba ya chesisi, diski ya zamani na venia yako. Modeli moja ya gari inaweza kuwa na diski za vipenyo viwili tofauti. Diski zilizotumika kutoka Japani zinauzwa na nyingine ni nzuri kabisa, ila pima kabla hujalipa na usome MIN; muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu: zioshe kwa sabuni na maji ya moto au kwa dawa ya breki, kausha, zishike kwa ukingo. Nunua jozi, kulia na kushoto. Pedi za zamani zilizozoea mifereji ya diski mbovu usizirudishe kwenye diski mpya.

Kufunga na kuzoesha

9. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, rudisha pistoni polepole kwa klampu huku ukitazama kimo. Mafuta hayo hula rangi ya gari, yakimwagika osha kwa maji mengi mara moja. Yakiwa meusi, panga kuyabadilisha kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

10. Funga kishikio, pedi na kalipa. Grisi kidogo iende mgongoni mwa pedi na kwenye masikio yanayoteleza, isiguse uso. Torki ya bolti hizi hutofautiana kwa kila gari, ifuate kama ilivyo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako.

11. Rudisha magurudumu. Nati kaza kwa mkono kwanza, shusha gari, malizia kwa torki renchi kwa mpangilio wa nyota. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni Nm 103. Mashine ya upepo iweke kando.

12. Kabla hujawasha gari, kanyaga pedeli mara nyingi hadi iwe ngumu. Pistoni umezirudisha nyuma. Ukiondoka bila kufanya hivi pedeli ya kwanza itazama hadi chini na gari halitasimama.

13. Nenda barabara isiyo na msongamano. Ya Iringa ukishapita Bihawana inafaa, nje ya maeneo ya makazi. Kutoka kilomita 60 shuka hadi 20 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha ongeza tena mwendo. Rudia mara kumi ukiacha nafasi kati ya moja na nyingine. Maliza kwa kuendesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Ukilazimika kusimama zikiwa moto, usibaki umekanyaga; tumia hendibreki.

Ikiendelea kusumbua

*Imetulia wiki chache halafu imerudi.* Rudi kwenye habu na myumbo. Kama vipimo hivyo ni sahihi, tazama pini na pistoni. Baada ya safari gusa ringi kwa tahadhari: gurudumu moja likiwa la moto sana kuliko mwenzake, kalipa yake haiachii.

*Inatetemeka tu baada ya kushuka mlima.* Wanaotoka Iringa wakishuka Nyang’oro kuelekea Mtera, na wanaoteremka Sekenke upande wa Singida, wanalijua hili. Shusha gia kabla ya mteremko, kwa otomatiki tumia 2, L au B, injini ishikilie gari. Breki shika kwa nguvu kwa muda mfupi na uachie, usiegemeze mguu juu ya pedeli kilomita nzima. Ukifika chini usikimbilie kuosha magurudumu kwa maji baridi.

*Usukani unacheza ukiwa spidi kubwa tu, diski zimepimwa ziko sawa.* Bushi za mikono ya chini zilizochoka hukuza mtetemo mdogo ambao gari zima lisingeusikia. Barabara za vumbi zenye mawimbi ni adui wa bushi, kwa hiyo zitazame zikiwa chini ya mzigo, gari likiwa limesimama kwa matairi yake.

*Gari linavuta upande mmoja ukishika breki.* Hilo si suala la unene wa diski. Kuna kalipa iliyokwama, mpira wa mafuta ulioziba, au pedi iliyopata grisi. Pedi yenye grisi haisafishiki, badilisha jozi.

*Mlio wa kukwaruza baada ya kazi.* Siku ya kwanza ni kawaida. Ukiendelea, angalia kama kibati cha nyuma ya diski kimepinda na kugusa. Kirudishe kwa mkono.

Baada ya kilomita 100 rudia kukaza nati kwa torki renchi, hasa kama ringi ni za aluminiamu. Zile namba nane za unene ulizoandika zitunze pamoja na kilomita za gari siku hiyo. Ukipima tena kwenye sevisi ijayo utaona diski inalika kwa kasi gani na utapanga bajeti ya mpya mapema.